Namna Fundi Tunu Alivyojengewa Uwezo

Jamhuri ya Matamko msiitafute kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa wizarani kugongwa muhuri, na mwenye muhuri yuko safarini. Lakini nchi ipo na watu wake wapo, na kama wewe msomaji unadhani umewahi kupanga foleni katika nchi inayofanana nayo, hayo ni mawazo yako mwenyewe. Mimi simo.

Katika nchi hiyo, nyuma ya stendi kuu ya mabasi ya mji mkuu, palikuwa na karakana ya mwanamke mmoja aliyeitwa Tunu Magasha. Kazi yake ilikuwa kukereza vyuma. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa reli, naye ndiye aliyemfundisha tangu kichwa chake hakijafika usawa wa mashine, akimsimamisha juu ya kreti la soda. Sasa Tunu alikuwa na miaka hamsini na miwili, mashine moja ya kukereza, nyeusi na nzito kama kifaru, na mafundi wanane. Mkubwa wao alikuwa Sefu Ndimbo, mtu mrefu mwenye maneno machache.

Walitengeneza kitu kimoja tu: pini za usukani za mabasi ya Fahari, yale yanayounganishwa na Kiwanda cha Magari cha Taifa. Pini ya usukani ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, lakini basi zima na waliomo hugeuka kwa hisani yake. Ikikatika, dereva hubaki ameshika usukani kama mtu aliyeshika sinia tupu. Kwa miaka ishirini na miwili haikuwahi kukatika pini ya Tunu hata moja, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu serikalini aliyewahi kulisikia jina lake.

Angeendelea kuishi hivyo kwa amani, kama si kitasa.

Mtukufu Rais wa Matamko, ambaye cheo chake kamili ni Dereva Mkuu wa Taifa ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiendesha hata baiskeli, alikuwa akishuka kwenye gari lake siku ya sikukuu, mlango ukagoma na kitasa kikabaki mkononi. Alikaa mle ndani robo saa akiwapungia wananchi kitasa. Wananchi walidhani ni silaha mpya, wakashangilia mpaka sauti zikawakauka.

Tume ikaundwa. Ilichunguza miezi minne, ikagundua kwamba kitasa kilitoka ng'ambo, kama lilivyotoka gari lenyewe na viatu vya wajumbe. Ikahitimisha hivi: kitasa cha ng'ambo kisingeletwa kama watengenezaji wadogo wa humu ndani wangekuwa na uwezo, kwa hiyo aliyemfungia Dereva Mkuu ndani ya gari ni mtengenezaji mdogo wa humu ndani. Hapo ndipo ilipozaliwa Wizara ya Kuwajengea Uwezo Watengenezaji Wadogo wa Vipuri. Ilipewa jengo la ghorofa kumi na moja, na juu kabisa akakalishwa Dakta Nasoro Matukuta, Mkurugenzi Mkuu wa Uwezo, mtu aliyepata udaktari wake kwa utafiti juu ya nafasi ya methali katika ufugaji wa nyuki.

*

Dakta Matukuta alifika karakanani Jumatatu asubuhi na maofisa kumi na mmoja waliovaa makoti meupe. Tunu alizima mashine, akajifuta mikono kwa tambara.

"Wewe ndiye mtengenezaji mdogo?" Dakta aliuliza.

"Mimi ni Tunu. Karibuni. Mtaniwia radhi, viti viko viwili tu."

"Mapokezi yako wapi?"

"Si nimeshawapokea, baba?"

Dakta alimgeukia ofisa mmoja. "Andika: hana mapokezi." Kisha akazungusha macho ukutani. "Dira iko wapi?"

"Dira ya nini?"

"Dira ya karakana, mama! Kwenye fremu! Unakwenda wapi, utafika lini, utakapofika utajijuaje?"

"Mimi siendi popote," alisema Tunu. "Nipo hapa tangu mwaka ule daraja lilipobomoka." Akachukua pini iliyotoka mashineni muda ule, akaifuta, akamwekea kiganjani. "Tazama kazi, Dakta. Maneno ya nini?"

Dakta aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, akainusa. "Ina cheti?"

"Pacha wake ana miaka saba barabarani, hajalegea."

"Sikuuliza umri. Nimeuliza cheti."

Tunu alimtazama kuanzia viatu mpaka miwani. Mafundi wake walimjua. Sefu alianza kukohoa ili amzuie, lakini alichelewa.

"Dakta," Tunu alisema, "hivi wewe umewahi kushika spana?"

Fomu ya wizara ilikuwa na viwango kumi, cha chini kabisa kikiwa Sifuri na cha juu kabisa Tisa. Dakta alitoa kalamu yake mwenyewe, akalifuta neno Sifuri, akaandika kwa mkono: *Chini ya Sifuri*.

"Una mdomo, mama," alisema akifunga kalamu. "Nao tutaujengea uwezo."

*

Semina ilifanyika Hoteli ya Mawinguni, huko milimani, wiki tatu, na kuhudhuria ilikuwa lazima. Karakana zote zilifungwa kwa minyororo, ili asije akatokea mtu wa kufanya kazi wakati wenzake wanajifunza kazi. Walikusanywa wafua springi, wachomea mabomba ya moshi, wakata vioo na wakerezaji kutoka kila wilaya, watu ambao mikono yao ilikuwa na makovu mengi kuliko kurasa za vitabu vya wizara.

Wiki ya kwanza walifundishwa maana ya neno uwezo. Wiki ya pili ilikuwa historia ya skrubu, iliyosomeshwa na kijana aliyevaa tai ambaye skrubu yenyewe aliishika kichwa chini, na hakuna aliyemsahihisha kwa kuwa chakula kilikuwa kizuri. Wiki ya tatu ikawa mafunzo kwa vitendo.

"Fumbeni macho," aliwaambia yule kijana. "Kila mmoja aione mashine yake. Mmeiona? Haya, iwasheni."

Watu wazima arobaini wakaanza kunguruma kwa midomo. Mzee mmoja mfua springi aliangua kicheko, akapunguzwa alama kwa kuharibu mashine ya wenzake.

Tunu akanyoosha mkono. "Mwalimu, nikifumba macho mashine inazunguka, nitaondoka na vidole vingapi?"

"Swali zuri sana!" alisema kijana, akaliandika kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani yenye kichwa *Maswali Yatakayojibiwa*. Karatasi ilipojaa ikabanduliwa, ikakunjwa, ikatiwa kwenye pipa, ikabandikwa nyingine.

Siku ya mwisho Tunu alivishwa shingoni cheti chenye utepe. Kilisema kwamba amehudhuria, jambo ambalo hata yeye hakulibisha.

*

Aliporudi alikuta mambo mawili.

La kwanza: kiwanda kilikuwa kimeishiwa pini tangu wiki ya kwanza ya semina, na wizara, kwa uchungu wa taifa, ilikuwa imeikabidhi kazi hiyo kampuni iitwayo Uwezo Kamili, ya Bwana Shomvi, shemeji wa Dakta Matukuta. Uwezo Kamili ilikuwa na mapokezi yenye chemchemi ya maji na samaki. Ilikuwa na dira kwa lugha tatu, zote ndani ya fremu. Ilikuwa na Kiwango cha Tisa. Haikuwa na mashine, lakini katika fomu nzima hapakuwa na swali linalohusu mashine.

La pili: mbele ya mlango wa karakana palisimama lori la wizara.

"Pongezi!" Dakta Matukuta alisema akishuka. "Mashine yako imeteuliwa kuwa mashine ya mfano wa taifa. Itakaa wizarani, ghorofa ya kwanza, wananchi waje kuiona."

"Waione ili iweje? Mashine ni ya kazi."

"Ndiyo maana tunaiondoa huku, isichafuke."

Vibarua sita waliingia na magogo ya kuiviringishia. Tunu akaukumbatia mpini wa mashine ya baba yake, akakataa kuachia. Askari aliitwa, akambandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, kama anayemenya ndizi. Alipofika kidole cha mwisho Tunu alimgeukia Dakta.

"Mungu anakuona, Matukuta."

"Basi anaona maendeleo," alijibu Dakta, akamkabidhi turubai lililokunjwa. Lilikuwa na picha ya mashine ile ile, ukubwa ule ule, na vigingi vinne vya kulitundikia. "Mtajizoeza kwa hii. Umeme wake ni bure."

Kule wizarani mashine ilipakwa rangi ya waridi, ikazungushiwa kamba, ikawekewa kibao: USIGUSE.

*

Mafundi wakatawanyika, kila mtu akatafute pa kushika. Tunu alibaki akiuza maandazi mbele ya karakana, na turubai alilitumia kuwakinga wateja na jua.

Mchana mmoja akaja Sefu Ndimbo. Alikaa kwenye benchi, hakugusa andazi. Viganja vyake vilikuwa vinang'aa kama samaki.

"Shomvi ameniajiri, Mama," alisema.

"Kukereza?"

"Kupaka rangi. Rangi ya fedha." Akatazama viganja. "Wanakata mabomba ya maji vipande vipande. Mimi napaka. Yakikauka yanaitwa pini."

Tunu aliacha kukanda. Mtaa mzima ulikuwa wiki ya nne hauna maji, na redio ilikuwa imewaambia watu ni ukame.

"Mabasi mangapi, Sefu?"

"Arobaini. Uzinduzi ni keshokutwa, Jumamosi. Watapanda wanafunzi na kina mama wa sokoni, wazungushwe mji mzima."

"Na wewe umepaka rangi umenyamaza."

"Nina watoto wanne, Mama."

"Hao wanafunzi wametoka wapi, mtini?"

Machozi yalimlenga Sefu, akajifuta kwa kiganja, na shavu likabaki na mstari wa fedha.

Tunu alifunga kanga kiunoni, akaenda kiwandani kwa miguu. Kwenye dirisha la malalamiko alikuta binti anayesaga kucha.

"Kiwango chako?" binti aliuliza bila kuinua macho.

"Chini ya Sifuri. Mwanangu, sikiliza, zile pini..."

"Malalamiko yanaanzia Kiwango cha Tatu, mama. Chini ya hapo unaruhusiwa kupongeza tu." Akamsukumia fomu ya pongezi.

Tunu aliijaza kwa herufi kubwa: NAWAPONGEZA KWA KUWA JUMAMOSI MTAUA WATU. Fomu ilipokewa kwa shukrani, ikagongwa muhuri, na katika taarifa ya habari ya saa kumi redio ya taifa ikatangaza kwamba mwanamke mmoja Chini ya Sifuri ameipongeza serikali kwa moyo wote.

*

Jumamosi asubuhi mabasi arobaini yalipangwa uwanjani, yamefungwa maua mpaka kwenye vioo vya pembeni. Abiria walikuwa wameshapakiwa. Dereva Mkuu wa Taifa aliketi mbele kabisa kwenye basi la kwanza, kando ya dereva, akiwa amefungiwa usukani wake mwenyewe usiounganishwa na kitu chochote, asije akachoka.

Dakta Matukuta alikuwa jukwaani. "Ndugu wananchi! Kuna mataifa yaliyotengeneza vipuri kabla ya kuwa na uwezo. Sisi tumekataa! Sisi tumejenga uwezo kwanza, na vipuri tumeviacha vitufuate! Na kama vina akili vitatufuata!"

Makofi yalipokuwa yakilia, Tunu alipita katikati ya walinzi na Sefu nyuma yake. Alikuwa na kile cheti cha semina shingoni, kwa hiyo walinzi walidhani yumo kwenye ratiba. Akaingia chini ya basi la kwanza, na kabla ya shairi la kumsifu Dereva Mkuu kufika ubeti wa tano akatoka na pini mkononi. Alipanda jukwaani. Aliweka pini juu ya goti lake, akaikunja mara mbili, kama mtu anayekunja muwa mbichi, na ndani yake likadondoka tone la maji yenye kutu.

"Hiki," aliiambia maikrofoni, "ndicho kinachogeuza basi mlilopanda."

Uwanja mzima ukanyoosha shingo kuitazama.

Mwenye uwezo hakosi neno. Dakta Matukuta aliuinua mkono wa Tunu juu. "Mnaona! Mwanamke huyu miezi mitatu iliyopita alikuwa Chini ya Sifuri! Leo anakunja chuma kwa goti! Uwezo gani tena mnautaka?"

Bendi ikapiga. Mtu akamtundikia Tunu nishani. Fundi wa Shomvi akatoa pini nyingine mfukoni, akaichomeka mahali pa ile ya kwanza. Tunu alipiga kelele kwamba mmekuwa vipofu nyote, lakini tarumbeta zilikuwa nyingi kuliko yeye.

Ndani ya basi la tatu mama mmoja muuza nyanya akasimama taratibu. "Jamani," alisema, "nimekumbuka nimeacha chungu jikoni." Akashuka. Jirani yake naye akakumbuka chungu. Basi la nne likakumbuka, la kumi likakumbuka. Shule nzima ya msingi, kumbe, ilikuwa imeacha chungu jikoni, pamoja na mwalimu mkuu. Baada ya dakika kumi mabasi yote arobaini yalikuwa matupu na hakuna mwananchi hata mmoja aliyesema neno baya juu ya serikali. Dereva Mkuu naye, baada ya kutafakari, alikumbuka chungu cha Ikulu.

Lakini televisheni ilikuwa hewani na mabasi hayawezi kuzinduliwa matupu. Maofisa wa wizara wakaamriwa kupanda: wakurugenzi, makaimu wao, wasaidizi wa makaimu, na tume nzima ya kitasa. Dakta Matukuta aliketi basi la kwanza. Alikuwa amekwisha kuiona pini ikikunjwa kwa karibu kuliko mtu yeyote, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, ila kushuka kungekuwa ni kukosa imani na kazi yake mwenyewe.

Barabara ilikuwa imenyooka kilomita mbili, kisha kona. Mabasi yalikwenda vizuri sana kilomita mbili. Kwenye kona hakuna hata moja lililogeuka. Yote arobaini, moja nyuma ya jingine kwa nidhamu ya kupendeza, yalinyoosha moja kwa moja hadi kwenye bwawa la maji taka la manispaa.

Hakufa mtu. Mungu huwahurumia hata wakurugenzi. Tume mpya ilichunguza ikakuta kona ndiyo haikuwa na uwezo, na kona ikabomolewa.

*

Aliyeumia vibaya alikuwa Dakta Matukuta: paja lilivunjika mara mbili. Daktari wa mifupa alisema bila pini ya chuma ndani ya mfupa mguu hautasimama tena. Pini zilikuwepo, boksi zima kando ya kitanda. Kwa mujibu wa sheria mpya, pini zote za nchi, za mabasi na za binadamu, zilitoka Uwezo Kamili. Mgonjwa alichungulia ndani ya boksi, akauona ule mng'ao wa fedha, akaomba aitiwe Tunu Magasha.

Tunu alifika, akasimama mlangoni mwa wodi. Hakuketi.

"Bi Tunu," Dakta alinong'ona, "wewe ni mzazi."

"Sema shida yako."

"Nitengenezee pini. Ya chuma chenyewe. Zile zako."

"Mashine yangu iko nyuma ya kamba."

Dakta alitia sahihi hati ya kuirudisha hapo hapo, amelala chali, kalamu ikigoma kutoa wino kwa kuelekea juu. Kesho yake kifaru kikarudi karakanani, cha rangi ya waridi, na Tunu na Sefu wakakikwangua siku mbili mpaka weusi wake ukaonekana. Siku ya tatu Tunu alisimama peke yake mashineni, na kipimo, na kipande cha chuma safi cha urefu wa paja la mtu. Alikawia kuwasha. Sefu, aliyekuwa nje akipepeta moto wa chai, alimwona amesimama hivyo muda mrefu, mkono juu ya swichi. Kisha mashine ikaunguruma.

Pini iliingia kwenye mfupa kama iliyozaliwa humo. Miezi miwili baadaye Dakta Matukuta aliweka magongo chini, na mahali pa kwanza alipokwenda kwa miguu yake mwenyewe palikuwa karakana ya Tunu. Aliongozana na askari wawili na kufuli.

Mafundi wote wanane walikuwa wamesharudi kazini. Dakta aliwatoa nje, akafungua karatasi, akasoma kwa sauti ya jukwaani: mtengenezaji mdogo aliye Chini ya Sifuri amepatikana na kosa la kutengeneza kifaa cha tiba bila kiwango, na ushahidi umo mwilini mwa msomaji wa hati hii.

"Hata aibu huna," Tunu alisema.

"Aibu ni hisia, mama. Hii ni kanuni ya nane."

Akafunga mlango, akabonyeza kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Kisha akageuka, akashuka kilima kuelekea stendi, mwendo mrefu, bila fimbo, bila kuchechemea hata kidogo. Walisimama wote wakimtazama mpaka akafika barabarani. Aliruka mtaro.

Sefu alitema mate chini. "Ungeikosea kidogo tu, Mama. Unywele mmoja."

Tunu alikuwa bado anautazama mguu ule.

"Nilitaka," alisema. "Nilisimama pale, Sefu, nikataka kwa moyo wangu wote. Mkono ulikataa."